Ukurasa wa Saba wa Daftari

Watu wakisikia kuna kitabu cha hisani, huwa wepesi wa kutoa hadithi kuliko kutoa pesa. Kila mwaka, msimu wa kupokea ulipofunguliwa, ofisi ndogo ya Mama Penseli iliyokuwa juu ya duka la vifaa vya shule ilifurika hadithi za kila namna: zilizolala kabatini miaka kumi, zilizokataliwa na magazeti yote mjini, na nyingine ambazo ukizisoma unajua kabisa mwenyewe aliandika huku ana mafua. Si ni hisani, walisema, hisani haichagui. Mama Penseli alichagua, tena kwa ukali, kwa sababu kitabu kile kilikuwa cha mwanawe.

Kilikuwa na hadithi fupi kumi na tano, na chochote kilichopatikana kilikwenda kununua mashine za oksijeni za wodi ya watoto, katika hospitali ile ile alikofia Bwana Mdogo. Hilo ndilo jina alilopewa nyumbani, kwa jinsi alivyopenda kuwaamrisha watu wazima. Alikuwa na miaka minne. Nyuma ya kila toleo, chini ya tarehe ya siku ile, palikuwa na sentensi moja aliyoiandika mama yake mwaka wa kwanza na ambayo haijaguswa hata herufi tangu hapo: "Mashine iliharibika, na mtoto mmoja hakurudi nyumbani."

Yasiyokuwa kwenye sentensi ile aliyajua peke yake. Mchana ule nesi alimpa karatasi akamwambia akimbie duka la dawa nje ya geti. Alikimbia kweli. Foleni ilikuwa ndefu, na ilipofika zamu yake nyuma yake alisimama mzee mmoja anayetetemeka, hajiwezi, naye akamwachia apite mbele. Yule mzee alichukua muda wake, akauliza bei ya hiki na kile, akasoma maandishi madogo kwenye boksi. Mama Penseli aliporudi na chupa mkononi, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Kwa miaka tisa alikuwa akijiuliza kama angekuwa na roho mbaya kidogo tu siku ile, asimpishe mtu, mwanawe angekuwa hai. Hakuwahi kumwambia mtu, hata baba wa mtoto. Chupa ile alikuwa nayo mpaka leo, haijafunguliwa.

Katika kazi ya kitabu alikuwa na msaidizi mmoja wa kudumu, mpangaji kurasa aliyeitwa na kila mtu Mistari. Mwanamume huyu alijileta mwenyewe baada ya toleo la kwanza. Alisema mwanawe aliwahi kutibiwa wodi ile na kwamba hataki malipo. Alikuwa hodari, msafi wa kazi, na mzaha haumwishi mdomoni. Ukimuuliza hadithi fulani ameionaje, jibu lake lilikuwa moja.

"Dada, mimi sisomi. Naangalia kama mistari imelala sawa. Ukitaka nisome, niongezee mshahara."

Na kwa kuwa mshahara haukuwepo, ilichukuliwa kwamba hasomi.

Binti wa Mistari, Kasuku, alikuja ofisini kila siku baada ya shule. Alikuwa na miaka kumi na minne na kazi yake pale ilikuwa kusoma kwa sauti. Ndivyo Mama Penseli alivyosahihisha: mmoja anasoma kila neno, hadi mkato na nukta anazitaja, mwingine anafuata kwenye nakala yake na penseli. Ni kazi ya kuchosha koo, lakini mtoto yule alisoma kurasa tano bila kutafuta maji. "Huyu hakupewa mapafu," Mama Penseli alizoea kusema, "alipewa pampu." Kasuku alicheka. Baba yake naye alicheka, kisha akarudi haraka kwenye mistari yake.

Hadithi zote zilisomwa bila majina. Karani wa mfuko wa hisani alizipokea, akaondoa jina, akaweka namba. Hivyo hakuna aliyejua namba kumi na tisa ni ya nani. Ilikuja kwenye daftari la shule, imeandikwa kwa mkono, na Mistari ndiye aliyeichapa kwenye kompyuta kama alivyochapa zote za mkono. Ilimhusu muuguzi mzee na siku yake moja kazini. Katikati yake palikuwa na pengo. Muuguzi anasimama kati ya vitanda viwili, anasema, "Nikazisikiliza pumzi za watoto wawili." Sentensi inayofuata inasema, "Saa tisa nilivua viatu nikapiga deki sakafu nzima, ingawa haikuwa kazi yangu."

Kwenye kikao cha kamati ya kuchagua hadithi wawili walilalamika kwamba hapo pana kitu kimekatika. Mama Penseli aliwakalisha chini.

"Huyu ndiye mwandishi pekee humu anayejua kunyamaza," alisema. "Nyinyi mnataka mtafuniwe. Ametuachia nafasi makusudi, tuijaze wenyewe. Ukieleza hapo umeiua hadithi."

Alizungumza robo saa nzima juu ya lile pengo. Alisema ukimya ni sehemu ya uandishi, alisema mambo mazuri sana, na mwisho kamati ikakubali namba kumi na tisa ndiyo ifungue kitabu. Mistari alikuwepo, amekaa karibu na mlango na kikombe chake, hakutia mzaha wowote. Mama Penseli alidhani amechoka.

Sasa, utaratibu wao ulikuwa huu: kurasa zikishapangwa, kila mwandishi hupelekewa nakala ya hadithi yake, aisome, atie sahihi, airudishe. Wengi hurudisha na maneno ya shukrani. Siku ambayo kitabu kilitakiwa kufika kwa mpiga chapa saa kumi jioni, bahasha ya mwisho ikaletwa saa saba mchana. Mistari alikuwa ametoka kwenda kuangalia rangi ya jalada. Mama Penseli akaifungua huku anatafuna karanga.

Ilikuwa namba kumi na tisa. Hapakuwa na sahihi. Palikuwa na karatasi ya daftari iliyoandikwa pande zote mbili, na juu yake kijikaratasi kidogo: "Ukurasa wa saba wa daftari langu hamkuutia. Nimeuandika upya. Hapo ndipo hadithi ilipo, kilichobaki ni kupiga deki tu."

Mama Penseli aliona haya kwanza. Robo saa ile yote ya kusifia ukimya, kumbe ni ukurasa umerukwa. Akacheka peke yake, akavuta penseli sikioni, akaanza kusoma.

"Mashine ilikuwa moja na ilikuwa nzima. Daktari alikuwa ameitwa wodi nyingine. Mvulana wa kitanda kilicho chini ya saa mbovu alikuwa nayo tangu asubuhi, na bado midomo yake ilizidi kubadilika rangi. Alivaa soksi moja ya njano na moja ya buluu. Saa saba akaletwa msichana, amebebwa na bibi yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la pasi, halijapoa. Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka ishirini na sita, nilijua nani anakwenda na nani anaweza kurudishwa. Mama wa mvulana alisimama pale na penseli sikioni. Alikuja nayo kutoka kazini na hakuna aliyemwambia. Nilijua nikimwomba atakataa, na ilikuwa haki yake kukataa. Nikachukua karatasi nikamwandikia dawa. Dawa ile haikuhitajika. Nilitaka asiwepo. Alipotoka mlangoni nikahamisha mrija. Aliporudi nikamwambia mashine imeharibika. Akaniamini. Akanishukuru."

Mkono wake ulikuwa umekwisha kuongeza mkato mmoja kwenye mstari wa tatu kabla akili haijafika. Hiyo ndiyo kazi, mkono huenda mbele. Kisha akafika kwenye soksi za Bwana Mdogo. Kisha akafika kwenye penseli, akaitazama penseli aliyoishika.

Alirudia ukurasa mara ya pili, na ya tatu. Punje za karanga zilikuwa bado mdomoni, hazimezeki wala hazitemeki. Chini dukani mtu alikuwa anagombana na muuza duka juu ya rula, anasema hii fupi, hii fupi, na Mama Penseli alisikiliza ugomvi ule mpaka mwisho kama vile ulimhusu.

Dawa ile haikuhitajika. Alilitamka kwa sauti ili alisikie. Basi yule mzee wa foleni hakumchelewesha popote. Angempisha, asingempisha, angeruka geti, angerudi kwa mabawa, ingekuwa yale yale. Miaka tisa alikuwa amemlaumu mzee wa watu, na kujilaumu mwenyewe, kwa chupa ambayo hakuna aliyeihitaji. Hakujua kama anachosikia ni nafuu au ni hasira. Alisikia vyote viwili na vilimuumiza kifua.

Na alimshukuru. Hilo lilikuwa kweli. Alimshika yule nesi mikono yote miwili akasema asante kwa kujaribu.

Ilichukua muda kabla hajarudi kwenye kovu la pasi. Pembeni ya meza yake palikuwa na kiti cha Kasuku, na sweta lake la shule alilolisahau jana likining'inia. Mtoto yule akisoma hushikilia karatasi kwa mkono wa kushoto, mkono wa shati umekunjwa, na juu ya kiwiko kidogo tu kuna alama ya ncha ya pasi. Mama Penseli alikuwa ameitazama alama ile kila siku kwa miaka. Alishawahi kumpaka mafuta.

Aliinuka. Ya kwamba ukurasa ulirukwa kwa bahati mbaya alikuwa bado anataka kuyaamini, kwa hiyo alikwenda kwenye droo ya Mistari, akatoa daftari, akahesabu kurasa. Baada ya sita ilikuja nane. Ukurasa wa saba ulikuwa umekatwa kwa wembe karibu kabisa na mshono, mstari ulionyooka, hauna hata kijipindo. Hakuna karani anayekata karatasi namna hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale, na yeye nguo ile alikuwa ameivaa miaka saba na kuisifia.

Mistari alirudi saa nane na nusu akihema kidogo kwa ngazi, jalada limekunjwa kwapani.

"Dada, nyekundu yao imetoka kama nyanya iliyolala, lakini nimewabana mpaka..."

Akaona daftari limefunguliwa mezani. Akaona karatasi ya mkono. Akaweka jalada chini taratibu.

"Si unasema husomi?" Mama Penseli akamuuliza.

"Huo niliusoma."

"Ukaukata."

"Nikaukata."

Alikaa bila kukaribishwa. Mtu wa mzaha, mzaha ukimwisha huwa kama nyumba iliyohamwa, na Mama Penseli hakupenda kumtazama. Alitazama mikono yake.

"Ulijua kabla ya daftari hili?"

"Nilijua kabla sijakujua wewe, dada." "Siku ile mimi nilikuwa safarini. Mama yangu ndiye aliyempeleka mtoto, na aliona kila kitu. Nilipofika nikakuta mtoto amekaa anakunywa uji, nikapiga kelele za furaha. Mama akaniambia, usishangilie sana, kuna mwenzio analia kwa ajili ya huyu. Akanieleza. Mwaka uliofuata nikakiona kitabu dukani, nikasoma nyuma. Tarehe ile. Wodi ile. Nikasimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama nataka kununua."

"Ukaja hapa."

"Nikaja."

"Miaka saba umekula chakula changu. Miaka saba unaniona nikiandika 'iliharibika', na wewe ndiye unayelipanga neno hilo kwenye jalada. Na kwenye kikao nimesimama mbele za watu ninasifia pengo ulilokata kwa wembe wako."

"Siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje?" Mistari akainua macho. "Ningeingia mlangoni niseme nini, dada? Niseme asante?"

Neno hilo lilimgonga. Alikuwa na matusi tayari, mengine hajawahi kuyatamka tangu azaliwe, yakamwishia mdomoni. Akajikuta anamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia binadamu: habari za foleni, na mzee anayetetemeka, na jinsi alivyomwachia nafasi. Alimweleza vizuri, kwa mpangilio, hata kuhusu boksi na maandishi madogo. Mistari alisikiliza huku ameziba mdomo kwa kiganja.

"Kwa hiyo kila mwaka ulipopanga sentensi ile," Mama Penseli akamaliza, "ulikuwa unanirudisha kwenye foleni. Neno moja tu lingenitoa."

"Sikulijua hilo."

"Hukulijua kwa sababu tulikuwa wawili tunaficha, kila mtu kona yake."

Mistari akashuka kwenye kiti, akapiga magoti pale sakafuni kati ya mapakiti ya karatasi, mtu mzima mwenye mvi. "Mimi nifukuze. Nitangaze. Chochote utakachotaka. Lakini ukurasa huo usiingie, nakuomba. Kasuku huwa wa kwanza kusoma kitabu kila mwaka. Ataona kovu lake, atamwona bibi yake, atakuona wewe na penseli yako. Ana miaka kumi na minne. Atawezaje kubeba kwamba anapumua kwa sababu mwingine aliachwa?"

Ilikuwa saa tisa kasoro. Mpiga chapa alikuwa anangoja mpaka saa kumi. Mama Penseli akaiweka ile karatasi mbele yake. Angeweza kuiacha nje. Kamati ilishapitisha hadithi ikiwa na pengo, watu wangelisifia pengo kama alivyolisifia yeye, na safari hii ingekuwa kweli ni ukimya wa makusudi. Angelinda mtoto, angelinda rafiki. Wa kulindwa walikuwepo wengi. Bwana Mdogo tu ndiye angebaki pale pale chini ya saa mbovu, ameuawa na mashine ambayo haikuwahi kuharibika.

Wasahihishaji wana alama yao. Ukikata kitu halafu ukagundua hakikustahili kukatwa, unaweka vitone vidogo chini yake, kimoja kimoja, kumwambia mpangaji kwamba hiki kibaki. Mama Penseli aliinama akaanza kuweka vitone chini ya mstari wa kwanza, kisha wa pili, akaenda hivyo hivyo hadi "Akanishukuru." Kisha akafuta ule mkato aliouongeza.

"Inuka," akasema. "Ingiza."

"Dada."

"Ingiza, kama alivyoandika. Kitabu kinatoka baada ya wiki tatu. Una wiki tatu za kumwambia mwanao kwa mdomo wako, nyumbani kwako, umemshika mkono. Asije akajikuta kwenye karatasi kama nilivyojikuta mimi, na karanga mdomoni." Pumzi zilimpanda, akangoja zishuke. "Ukishindwa, mlete kwangu, tutamwambia wote. Na huyo nesi ameandika namba yake ya simu kwenye bahasha. Ana siku yake."

Mistari akainuka. Alichukua karatasi kwa mikono miwili, akaenda kwenye kompyuta, na kwa dakika ishirini hapakusikika kitu ila vidole vyake. Kwa mara ya kwanza alichapa polepole, kama mtu anayesoma.

Mama Penseli alilikunjua jalada mezani. Nyekundu haikuwa mbaya kiasi hicho. Akaligeuza nyuma, akaipata sentensi yake, akakata neno moja na kuandika mawili juu yake. Ilikuwa kazi ndogo. Alipomaliza aligundua kwamba analia, wala hakujua ameanza lini.

Ngazi zikasikika. Kasuku hapandi ngazi kama watu, huzikimbilia mbili mbili, na aliingia kifua kikipanda na kushuka, begi begani.

"Shikamoo mama mkubwa. Shikamoo baba."

"Marahaba," wote wawili wakajibu kwa pamoja, kisha wakakwepana macho.

"Mama mkubwa, macho yako."

"Karanga zimenipalia. Kaa tumalize, wanatungoja. Limebaki jalada tu."

Kasuku akajitupa kwenye kiti chake, akakunja mkono wa shati, akalivuta jalada kwa mkono wa kushoto. Alisoma orodha ya waandishi, na mikato yote. Alisoma tarehe. Akafika chini, na hapo alisoma kwa sauti ile ile ya kila siku, wazi, bila haraka.

"Mashine ilikuwa moja, mkato, na mtoto mmoja hakurudi nyumbani, nukta." Akarudia macho. "Mbona miaka yote huwa 'iliharibika'?"

"Tulikosea."

"Haikuharibika?"

"Haikuharibika. Ilikuwa nzima."

Kule kwenye kompyuta vidole vilikuwa vimesimama. Kasuku alikunja uso kidogo, kama anavyofanya akikuta sentensi haijakamilika.

"Sasa kama ilikuwa nzima, alikuwa nayo nani?"

"Mtoto mwingine," akasema Mama Penseli.

"Alipona?"

Mama Penseli akamtazama. Alimtazama paji la uso, na jasho la ngazi, na kifua kilichokuwa sasa kimetulia, kinaingia na kutoka bila kujisumbua.

"Alipona."

"Afadhali," akasema Kasuku, na ilionekana amefurahi kweli. Akalinyoosha jalada, akavuta pumzi ndefu kama anavyovuta siku zote kabla ya kuanza. "Niendelee?"

Mama Penseli aliingojea ile pumzi mpaka ikatoka yote.

"Endelea, mwanangu," akasema.